Tupeane uzoefu: kipande (kitambulisho) kilivyokwama ukajikuta kwa pusha, muuza unga

Wadau salaam. Huku Pwani ya Kenya kijana akishikwa na kete mbili za unga (heroini) utaskia ati uvivu, ati hakulelewa. Nataka kuskia wenyewe, uliyeuza ama nduguyo aliuza. Naanza.

Mimi wa Mji wa Kale Mombasa. Nimemaliza fomu four nikaenda kuchukua kitambulisho, kuona jina langu wakataka cheti cha babu, nikakalishwa mbele ya kamati ya wazee, alafu rudi mwezi ujao, rudi mwezi ujao. Mwenzangu wa darasani jina la bara alipiga picha akaenda zake. Bila kipande husajili laini, huna Mpesa, bandarini huvuki geti, na usiku ukikutana na karao (polisi) umekwisha. Sasa pusha wa maskani yeye yuataka mtu ajuaye vichochoro na asiyesema sana, babu alizaliwa wapi si kazi yake. Nikaanza kwa kuangalia tu kama karao waja.

bint_kisauni: Kakangu nae hivohivo, ila yeye malipo alikua apewa unga wenyewe, ukiona wauza rejareja wengi ni mateja haohao, pesa hawaioni. Nashukuru ameingia methadoni, dawa ya kuachia unga, ile huku Pwani ilianza Malindi 2015 ikaja na huku kwetu. Kila asubuhi yuaenda kunywa. Kazi bado hana.

mwana_wa_dau: Mimi Mpemba wa Kilifi, serikali imetutambua 2023, kabla ya hapo tumezaliwa hapa baba na babu na hatuna kitu. Hakuna kipande hakuna leseni ya uvuvi, kwa hivo chombo kiko kwa jina la mtu, akisema leo utapitia mzigo huko nje utamkataa na chombo chake? Mwaka 2014 manowari ya Australia ilinasa heroini zaidi ya tani moja kwenye jahazi baharini huku Afrika Mashariki. Huo mzigo mwadhani ni wa mvuvi?

kibra_damu: Pole zenu lakini mi ni Mnubi, vetingi, hiyo ya kuhojiwa na kamati ndio upewe ID, tumeijua tangu wazazi wetu na sikuuza. Nilibeba mawe mjengo. Tusiwape watu visababu.

bint_kisauni: @kibra_damu mjengo walikuchukua bila ID?

kibra_damu: Fomeni alikua jirani yetu. Ok hapo umenishika kidogo.

mwana_wa_dau: Na hao wakubwa walikua na pasipoti kabisa. Kina Akasha, wale ndugu wawili wa Mombasa wa biashara ya unga, wamehukumiwa New York, mmoja miaka 25 mwingine 23, huku vijana wa kete wamejaa jela ya Shimo la Tewa hata wakili hawana.

Mwanzisha uzi: Alafu rais Ruto si alitangaza Februari 2025 vetingi iondolewe? Kuna mtu ameenda tangu hapo akapewa bila kamati? Semeni ni ofisi ya upande gani, mdogo wangu atimiza 18 mwezi ujao.

bint_kisauni: Binamu yangu alipata, lakini bado walimuuliza ya babu.