Balbu gani za taa za mbele zinafaa kwa Probox inayosafiri usiku na mzigo?

Mchuuzi wa Ilula

Wakuu, habari zenu. Ninaomba ushauri kwa wanaoufahamu umeme wa magari kabla sijatoa fedha yangu dukani. Nina Toyota Probox ya mwaka 2008 ninayoitumia kusafirisha nyanya kutoka Ilula kwenda Morogoro, na kwa kuwa nyanya hazivumilii jua, karibu safari zangu zote ni za usiku. Wiki iliyopita balbu ya taa kubwa ya kushoto iliungua nikiwa nimeshateremka Kitonga, nikalazimika kuendelea na taa moja hadi mwisho wa safari. Pale hifadhini Mikumi nyati alikuwa amesimama ukingoni mwa lami, na nilimwona nikiwa nimeshamkaribia kiasi kwamba sikupata hata nafasi ya kukanyaga breki. Nilipita tu ubavuni mwake. Sitaki jambo hilo linikute tena.

Dukani nimeonyeshwa aina tatu za H4, yaani balbu moja yenye mwanga wa karibu (dimu) na wa mbali (fulu). Ya kwanza ni ya kawaida, imeandikwa 12V 60/55W. Ya pili ina kioo cha bluu na imeandikwa 100/90W, na muuzaji anasema ndiyo inayopendwa na madereva wa safari ndefu. Ya tatu ni LED yenye feni ndogo kwa nyuma. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza, na boksi lake linaahidi mwanga mwingi ajabu. Nichukue ipi? Niongeze jambo moja ambalo sijui kama linahusiana: hata kabla balbu haijaungua nilikuwa ninaona mwanga wangu ni hafifu, lakini madereva ninaopishana nao hunipigia fulu kana kwamba ninawachoma macho, ilhali nimewasha dimu.

Fundi Umeme Moro

Pole sana kwa mkasa wa Mikumi, ndugu yangu. Nunua ile ya kwanza, ya 60/55, na ununue mbili kwa pamoja, kwa sababu balbu zilizofungwa siku moja hufuatana kuungua, na hiyo ya kulia iliyobaki imeshachoka. Sababu zangu nitazieleza kwa kirefu, maana inaniuma kuona watu wakiharibu magari mazuri kwa kuamini maandishi ya boksi.

Shika balbu ya H4 kwa sehemu yake ya chuma, uitazame kwa karibu. Ndani utaona nyuzi mbili. Uzi wa mbele umekingwa kwa chini na kikombe kidogo cha chuma. Huo ndio wa dimu, wenye wati 55. Uzi wa nyuma hauna kikombe, nao ndio wa fulu, wenye wati 60. Kikombe kile kinazuia mwanga wa dimu usiifikie nusu ya chini ya riflekta, yaani bakuli linalong'aa ndani ya taa na kurudisha mwanga mbele, na ndiyo maana mwanga huo unainama barabarani badala ya kupanda machoni pa mwenzako. Riflekta ya gari lako ilichongwa kwa kufuata mahali hasa ulipo uzi ule, na ukisogea hata milimita moja mwanga wote unavurugika. LED nyingi za feni zinazouzwa mitaani hazitoi mwanga mahali palepale pa uzi. Ukizifunga utaona mbele ya bampa kumekuwa kweupe kama mchana, utafurahi, lakini kule mbali aliposimama nyati kutabaki giza, na jicho lililozoea weupe wa karibu huona vibaya zaidi kilicho mbali.

Hiyo ya 100/90 ninakuomba uikwepe kabisa. Kwa volti 12, wati 60 huvuta ampea 5, na wati 100 huvuta zaidi ya ampea 8. Waya, plagi na swichi ya taa vya gari dogo viliwekwa kwa kuitazamia ile ampea 5, na umeme wa ziada hugeuka joto. Nimewahi kuletewa gari ambalo plagi yake ya taa ilikuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa, imegandamana na miguu mitatu ya balbu, na nilipoivuta ilinibakia mkononi vipande vipande. Mwenye gari alikuwa amefurahia mwanga ule kwa muda mfupi tu. Ama rangi ya bluu, hilo ni chujio linalomeza sehemu ya mwanga ambao tayari umeulipia. Taa inaonekana nyeupe na ya kisasa, lakini barabara haipati zaidi.

Ukiwa dukani, tafuta kwenye shina la balbu herufi E iliyo ndani ya duara na kufuatwa na namba, kwa mfano E1 ya Ujerumani au E4 ya Uholanzi. Alama hiyo ina maana kwamba aina ile ilipimwa na kuidhinishwa katika nchi hiyo kwa kufuata kanuni ya 37 ya Umoja wa Mataifa. Kwa kuwa wapo wanaoiigiza, hakikisha pia kwa macho yako kwamba nyuzi zimenyooka na kikombe hakijapinda. Wakati wa kufunga usiguse kioo kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi huungulia pale pale kioo kinapopata moto, na sehemu hiyo ndiyo inayopasuka kwanza. Ukiwa umekigusa, kifute kwa spiriti na kitambaa safi.

Sasa nije kwenye mwanga hafifu, kwa sababu hilo balbu mpya peke yake haitalitibu. Washa injini, washa dimu, kisha pima volti kwenye betri, halafu upime kwenye plagi ya taa balbu ikiwa inawaka. Tofauti ikizidi nusu volti, anza na waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, kwa maana mara nyingi tatizo ni boliti yenye kutu pale unapoungwa na bodi. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30, kwa hiyo balbu nzuri kabisa inaweza kuonekana mbovu. Kinyume chake, ukikuta betri inapokea zaidi ya volti 15, alteneta inachaji kupita kiasi, na balbu zitakuwa zinaungua kila mara hata ukinunua za bei gani.

Dereva wa Masafa

Mimi si fundi, ila nimeendesha malori usiku katika barabara hiyo kwa miaka mingi, na nadhani ninajua kwa nini unapigiwa fulu. Ni nyanya. Matenga yakijaa nyuma, mkia wa gari unakaa chini na pua inatazama juu. Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma la Probox ni kama mita mbili na nusu, kwa hiyo mkia ukishuka sentimita 5 tu, mwanga unapanda sentimita 2 kwa kila mita 1 ya mbele. Dimu iliyotegwa vizuri inatakiwa kushuka kama sentimita 1 kwa kila mita, hivyo wewe ukipakia, dimu yako inapanda badala ya kushuka. Unawachoma wenzako macho, na wewe mwenyewe huoni kwa kuwa mwanga wako unamulika matawi ya mibuyu badala ya lami.

Simamisha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, uone mpaka wa mwanga unakata wapi. Unatakiwa kuwa sentimita 5 chini ya kimo cha katikati ya taa. Fanya hivyo likiwa tupu, kisha ufanye tena likiwa na mzigo na wewe umekaa kwenye usukani. Kama kwenye dashibodi una kitufe cha kuzungusha chenye picha ya taa na namba zinazoanzia 0, hicho kiliwekwa kwa ajili ya mzigo: namba inapopanda, taa zinashuka.

Mkazi wa Tanga

Ninamheshimu fundi, lakini mimi nimefunga LED na sijawahi kupigiwa fulu hata mara moja, na ninaona vizuri hadi mbali. Gari langu lina taa zenye lenzi ya mviringo kama jicho. Je, si kwamba tunazilaumu LED zote kwa makosa ya zile za bei rahisi?

Fundi Umeme Moro

Swali lako ni la haki, na nilipaswa kulitenganisha mapema. Taa yenye lenzi kama jicho ina kibati ndani kinachokata mwanga wa juu, kwa hiyo hata chanzo cha mwanga kisipokaa sawasawa, machozi ya mwenzako yanapungua. Probox ya huyu ndugu haina lenzi hiyo. Inategemea riflekta na kile kikombe peke yake. Huko Ujerumani tangu mwaka 2020 baadhi ya balbu za LED zimeruhusiwa kuwekwa mahali pa halojeni, yaani balbu za nyuzi kama hizi za H4, lakini ruhusa inataja balbu fulani kwa modeli fulani ya gari iliyopimwa nayo, na nje ya orodha hiyo hairuhusiwi. Hilo linaonyesha kwamba kinachopimwa ni balbu na taa kwa pamoja. Mtu akiniletea LED iliyopimwa na riflekta ya Probox nitaifunga kwa moyo mweupe.

Mchuuzi, nimesahau pia kukuuliza kama plastiki ya taa zako imegeuka njano. Ikiwa imegeuka, isuguliwe kwa msasa wa maji, kuanzia 800 hadi 2000, kisha ipakwe koti la kuzuia jua. Dawa ya meno huing'arisha kwa wiki chache, halafu unjano unarudi.

Mchuuzi wa Ilula

Wakuu, nimerudi na majibu, na ninawashukuru kwa dhati. Plastiki za taa bado ni safi. Betri ilionyesha volti 14.1, lakini kwenye plagi ya kushoto zilifika 11.9 tu. Nilifuata waya wa ethi hadi nyuma ya taa, nikakuta boliti imevaa kutu nyekundu kama udongo wa matofali. Tuliifungua na fundi wa hapa kijijini, tukasugua bodi hadi chuma kikang'aa, tukaifunga tena na kuipaka grisi. Plagi sasa inasoma 13.6.

Jioni nilipima ukutani. Likiwa tupu, mwanga ulikata sentimita 5 chini ya alama niliyochora kwa chaki, kama ilivyotakiwa. Tulipopakia matenga ya safari, mpaka ukapanda hadi sentimita 4 juu ya alama. Kitufe chenye picha ya taa kipo upande wa kulia wa usukani. Nimelimiliki gari hili miaka mitatu na sikuwahi kukigusa. Nilipokizungusha hadi 3, mpaka ulirudi chini ya alama.

Nimefunga balbu mbili za 60/55 zenye alama ya E. Usiku wa kuamkia leo nimekwenda Morogoro nikiwa nimejaza, na kati ya Ruaha Mbuyuni na Mikumi ni lori moja tu lililonipigia fulu, nalo lilikuwa kwenye kilima ambapo pua yangu ilikuwa juu. Alama nyeupe za kando ya barabara nilikuwa ninaziona mapema zikifuatana. Ile balbu ya kulia ya zamani nimeifunga ndani ya boksi la mpya na kuiweka kwenye droo ya dashibodi, pamoja na kitambaa safi na kichupa cha spiriti.