Mada nyingi, muda mfupi: kikao kisicho na mwenyekiti kinapangwaje?

Kikao90
Habari zenu wakuu. Kikundi kina watu 14, kinakutana kila baada ya wiki mbili kwa dakika 90. Hakuna mwenyekiti wala ajenda ya kuandaliwa. Kila mtu anakuja na lake, linaandikwa ubaoni, tunaanza na la juu. Mada huwa kama 12, lakini tunamaliza mbili na ya tatu inakatikia njiani. Zilizobaki zinasogezwa kikao kijacho, na huko zinakuta mpya zinazisubiri. Anayewahi ubao ndiye anayesikilizwa. Kurudi kwenye utaratibu wa mtu mmoja kupanga ajenda hatutaki. Mada zichujwe vipi, kila moja ipewe muda gani, na viporo tuvifanye nini?

Karatasi_na_Kalamu
Mkuu, futeni kwanza hiyo orodha ya ubaoni. Orodha inampa wa kwanza kuandika haki ambayo hakuna aliyempa. Tumieni vikaratasi, mada moja kwa kila kikaratasi, na wote waandike kwa wakati mmoja, kimya, dakika 5.

Halafu mada iandikwe kama swali. "Mawasiliano" si mada, hiyo inaweza kula saa nzima bila mtu kujua imefikia wapi. "Nani awajibu wanachama wapya, na ndani ya siku ngapi?" ina mwisho unaoonekana. Swali likae katikati ya kikaratasi, jina la mleta mada chini, tarehe ilipoletwa kwenye kona ya kulia. Kona ya kushoto juu wekeni herufi moja: T kwa taarifa, M kwa maoni, U kwa uamuzi. Zenye T zisiingie kwenye mjadala kabisa. Zisomwe kwa sekunde 30 mwanzoni au ziandikwe kwenye muhtasari. Vikao vingi vinazidiwa na taarifa zilizovaa joho la mada.

Kila mtu asome cha kwake kwa sentensi moja, bila kujieleza. Zinazofanana ziunganishwe kabla ya kura, la sivyo zitagawana kura na zote mbili zitaanguka, hata kama nusu ya kikundi inalitaka jambo hilo. Ila ziunganishwe kwa ridhaa ya wote walioleta. Mmoja akisema lake ni tofauti, basi ni tofauti.

Kura: idadi ya mada gawanya kwa tatu. Mada 12, kila mtu kura 4, anachora nukta kwa kalamu, na asiweke zaidi ya 2 kwenye mada moja. Wote wapige pamoja. Wakienda mmoja mmoja, wa mwisho wanafuata palipojaa nukta. Mada zikiwa chini ya sita, kura haina maana, kubalianeni tu ipi itangulie.

Dakika_Nane
Naongezea upande wa muda. Hesabu ya dakika 90: kufungua na taarifa dakika 5, kuandika na kusoma mada dakika 12, kuunganisha na kupiga kura dakika 5, mjadala dakika 60, kufunga dakika 8. Hizo 8 za mwisho msizile, ndipo maamuzi yanaposomwa pamoja na jina la mtekelezaji.

Ndani ya zile 60, kila mada ipate dakika 8. Kengele ikilia, kila mtu aonyeshe dole gumba: juu tuendelee, chini tumalize, kando sijali. Hakuna kujieleza. Wa juu wakiwa wengi kuliko wa chini, ongezeni dakika 4. Wakilingana, mmemaliza. Mada 5 zikiomba nyongeza moja moja, 5 mara 12 ni 60, mmejaza muda barabara. Zikikatwa mapema mtafika hadi 7. Mada inayotaka nyongeza ya pili si ya kikao hiki. Watu 2 au 3 waichukue pembeni, warudi na pendekezo la maandishi.

Mtunza muda asiwe mleta mada inayojadiliwa, na saa ionekane na wote. Saa iliyo mfukoni mwa mtu mmoja inageuka mamlaka yake, na lawama zinakuwa juu yake badala ya utaratibu. Mleta mada afungue kwa dakika moja, halafu aache kuongoza; akiendelea kujibu kila mchango, yale yanakuwa mahojiano.

Mtindo huu wa vikaratasi, kura na kengele unaitwa Lean Coffee, na si wa jana. Jim Benson na Jeremy Lightsmith waliuanzisha Seattle mwaka 2009 kwa mikutano isiyo na ajenda, na safu zake tatu zinawafaa: Zinazosubiri, Inayojadiliwa, Zilizokwisha. Safu ya katikati isibebe kikaratasi zaidi ya kimoja. Mtu akichomekea jambo jingine, mwambieni aandike kikaratasi, kiende kwenye safu ya kwanza.

Sauti_Ndogo
Nakubaliana na mengi ya hapo juu, ila kura isiachwe peke yake. Kura inaonyesha linalowagusa wengi. Jambo linalowaumiza watu wawili kati ya 14 litashindwa kila kikao, na hao wawili wataacha kuja bila kuaga. Tengeni nafasi moja kati ya zile tano kwa mada yenye tarehe ya zamani kuliko zote, hata kama haina nukta.

Na kama kikundi ni cha kusaidiana kwenye mambo mazito (msiba, ugonjwa, ulevi), hiyo kengele ya dakika 8 iwekeni kando. Huwezi kumkata mtu katikati ya kilio kwa kuhesabu madole gumba. Hapo zunguka kwa zamu, kila mtu ana haki ya kusema "napita", na mada nyeti ziingie kwa kikaratasi kisicho na jina.

Dakika_Nane
@Sauti_Ndogo kwa vikundi vya aina hiyo uko sahihi. Utaratibu wangu ni wa vikao vya kazi na mipango.

Kikao90
Asanteni sana. Chetu ni cha mipango, kwa hiyo kengele tutaiweka. Bado viporo. Na je, likija la dharura? Pia kuna wakati tunafika watu 40.

Karatasi_na_Kalamu
Viporo: kikaratasi kisichopata nukta hata moja vikao viwili mfululizo kirudishwe kwa mwenyewe. Anaweza kuliandika swali upya, na mara nyingi likiandikwa vizuri linapata kura. Vilivyopata nukta lakini havikufikiwa vibaki, ila nukta zifutwe na vipigiwe kura upya pamoja na vipya, kwa sababu hamu ya wiki mbili zilizopita si ya leo. Katibu aviweke kwenye bahasha moja, asivinakili kwenye orodha. Orodha haina huruma, inarefuka tu.

Dharura iwe na kipimo kimoja: je, tarehe ya mwisho ya jambo hili inafika kabla ya kikao kijacho? Ndiyo, linatangulia bila kura. Hapana, linapanga foleni. "Mengineyo" yafuteni kabisa, ndiyo mlango wa nyuma wa waliokosa kura.

Watu 40 msiwaweke kwenye mjadala mmoja, kila mmoja atapata dakika moja na nusu. Fuateni mtindo wa Open Space alioanzisha Harrison Owen mwaka 1985, ambapo watu wanajigawa wenyewe kwenye makundi madogo: chora jedwali ukutani, vipindi juu, sehemu za kukaa pembeni. Vipindi 2 vya dakika 30 kwa sehemu 4 ni nafasi 8. Mwenye mada anabandika kikaratasi kwenye nafasi anayotaka na lazima awepo hapo mwenyewe. Wengine wanakwenda wanakopenda, na asiyechangia wala kujifunza anahama kwa miguu yake bila kuomba ruhusa. Kura haihitajiki. Mada isiyopata mtu imejijibu.

Kinachoharibika huko ni kumbukumbu. Kila sehemu iwe na mwandishi wake na karatasi moja yenye mistari mitatu: swali, tulichokubaliana, nani anafanya nini kufikia lini. Ikusanywe kabla watu hawajatawanyika, maana kesho yake huipati.