Naomba ushauri: nitajuaje watu wanasema nini mtandaoni kuhusu bidhaa yangu?

Habari zenu wakuu. Nasindika siagi ya karanga hapa Morogoro, nauza kupitia maduka ya rejareja Dar na Dodoma. Mwezi uliopita mteja alirusha video TikTok akilalamika kwamba kopo lake lina harufu ya mafuta yaliyochacha. Nimekuja kuiona baada ya siku tisa, tena kwa kutumiwa na shemeji! Kumbe kwenye maoni watu watatu walishataja duka lilelile. Nilipokwenda nikakuta makopo yamepangwa dirishani, yanapigwa jua kutwa. Ningejua siku ya kwanza ningeyaondoa.

Tangu hapo nimeweka Google Alerts (huduma ya Google inayokutumia taarifa neno ulilochagua likitokea mtandaoni), ila jina letu ni neno la kawaida la Kiswahili, basi naletewa siasa na mahubiri tu. Instagram na TikTok natafuta mwenyewe kila usiku, na wengi hawanitagi au wanakosea jina.

Nawaulizeni mawili. Kuna njia gani ya bei nafuu ya kuchuja jina la namna hii? Na mtu akilalamika bila kunitag, nimjibu palepale hadharani au nimfuate inbox? Nahofia kuonekana nawachunguza watu.