Tupeane uzoefu: uchaguzi wa 2010 na 2015 uliigawaje nyumba yenu hapa Mwanza?

Mtoto wa Kamanga
Wakuu, jana nilikuwa natoa vitu vya marehemu baba pale Mabatini. Chini kabisa ya sanduku nikakuta kombati ya khaki ya Chadema imekunjwa pamoja na kofia ya kijani ya CCM ya 2015, bado iko kwenye nailoni yake. Nikakaa kitandani nikacheka peke yangu. Mzee huyu 2010 alirudi kwa miguu kutoka mkutano wa Chadema uwanja wa Furahisha, kila daladala ikipita anainyooshea vidole viwili vya chama. Miaka 5 baadaye anatukata kauli mezani: "Mwaka huu ni mtu wa kwetu." Nyie kwenu ilikuwaje? Nani alihama, nani aligoma? Matusi hapana.

Mama Dagaa
Kwangu mume na shemeji hawakula sahani moja mwezi mzima. Ugali nilikuwa nasonga mara mbili.

Jozi14
2010 nilikuwa napanga viatu vya mtumba Makoroboi. Mgambo walikuja asubuhi moja, wakabeba jozi 14, sikuziona tena. Basi kura yangu haikuwa ya sera wala ilani, ilikuwa ya viatu. Wenje wa Chadema akamwangusha Masha wa CCM jimbo la Nyamagana, waziri wa mambo ya ndani mzima, na jimbo la Ilemela Kiwia wa Chadema akampiga chini Diallo wa CCM. Usiku ule nililala nimevaa nguo za kushindia. 2015 rais nikampa Magufuli wa CCM maana kwao Chato ni ukivuka tu hapo Busisi, ila mbunge sikubadili. Wengi walibadili, majimbo yote mawili yakarudi CCM.

Mzee wa Mwaloni
Hiyo ya mtu wa kwetu mnaikuza. Wenje ni Msukuma? Mbona tulimpa? Kilichotuua ni Julai 2015. Miaka yote sisi Chadema tunaimba Lowassa wa CCM fisadi, halafu tunaamka tunaambiwa kahamia kwetu na ndiye mgombea wetu wa urais. Dk. Slaa, mgombea wetu wa 2010, akaondoka. Kombati yangu mimi niliigeuza dekio.

Nyakato Kwanza
Acha kamba mzee. Slaa 2010 alipata asilimia 27, Lowassa karibu 40. Nani aliua nini?

Mzee wa Mwaloni
Hizo ni za nchi nzima! Hapa tunaongelea Mwanza, wewe soma kichwa cha habari.

Nyakato Kwanza
Na wewe wa Mwaloni, yaani Kirumba, Mwanza yako ni ipi? Kirumba ni Ilemela, na Ilemela ina manispaa yake tangu 2012.

Mama Dagaa
Jamani hilo nalo la kugombania! Sangara anajua mpaka wa manispaa?

Kisiwani Nansio
Sisi Ukerewe 2015 hatukurudi. Mkundi akapita ubunge kwa Chadema, kisha 2018 mwenyewe akahamia CCM. Sasa hapo nani alihama, sisi au yeye?

Wakala Mstaafu
Sikutaka kuandika ila hiyo kombati imenitonesha. 2010 nilikuwa wakala wa Chadema, kituo cha kura kilikuwa darasa la shule moja upande wa Igoma. Saa 10 jioni tukafunga, tukahesabu mpaka usiku kwa chemli na tochi ya simu. Kura ikiinuliwa kila mtu anapiga shingo. Nikasaini, nikapewa nakala ya matokeo ya ubunge, nikaikunja mara nne nikaisokomeza kwenye soksi. Nikaambiwa niipeleke mjini, bodaboda hakuna, natembea.

Kesho yake matokeo hayatangazwi, watu wamejaa, yakaanza mabomu ya machozi. Macho yanawaka, sioni mbele, nikaingia mlango wa kwanza niliouona wazi. Ndani kuna bibi amejifunga khanga ya kijani, ina picha ya mgombea mgongoni. Nikajua nimekwisha, maana mimi nilikuwa nimevaa khaki juu mpaka chini. Akanitazama, akaenda kuchota maji kwenye mtungi, akaninawisha uso kama mtoto. Akaniuliza, "Mwanangu, umeshakula?" Nikakaa kwake mpaka magharibi, nakula viazi na dagaa.

Wakati naaga nikamwambia bibi, hii khanga unayo, mbona umenificha? Akanijibu: "Khanga nilipewa. Rais nimempa huyu wa khanga, mbunge nimempa yule mtoto wenu. Kwani karatasi si zilikuwa mbalimbali?"

Jozi14
Dah. Huyo bibi alikuwa mchambuzi kuliko sisi wote hapa.

Mama Dagaa
Nimelia kweli. Yupo bado?

Wakala Mstaafu
Alifariki. Khanga ile nimeiona siku ya msiba imetandikwa kwenye kochi.

Nyakato Kwanza
Story nzuri ila bibi kama huyo ndiye anayetuangusha, huku kidogo kule kidogo.

Mzee wa Mwaloni
Na huko ndiko kupiga kura, kijana. Wewe ukipewa khanga unauza.

Bwiru Mlimani
Ushauri wangu: kibanda cha biashara usipake rangi ya chama chochote. Nilipaka 2015, wateja nusu wakakata kona.

Jozi14
Mimi ningekuambia paka, upande mmoja hivi na mwingine vile 😂

Kisiwani Nansio
Na ukweni usiseme lolote mpaka umalize mahari.

Mtoto wa Kamanga
Wakala, hukutumalizia. Nakala uliifikisha?

Wakala Mstaafu
Niliifikisha usiku wa siku hiyo hiyo, imelowa jasho, nimeishika kwa mikono miwili. Jamaa aliyekuwa anapokea hata hakuifungua. Akasema kituo chenu hakina ubishi, weka hapo kwenye boksi.

Mama Dagaa
🙆🏾‍♀️ Na soksi je?