Mrejesho: binti wa kinanda aliyekuwa anapiga miayo

Wakuu, wiki 6 zilizopita niliomba ushauri kuhusu binti wa miaka 11 ninayemfundisha kinanda nyumbani kwao kila Jumamosi. Mazoezi hafanyi, macho kwenye saa ya ukutani. Wengi mlisema nimpe zawadi. Pipi zilifanya kazi wiki 2, kisha akaanza kuzidai kabla hata hajakaa.

Kilichosaidia ni swali la dada mmoja: nimeshamuuliza anataka kupiga nini? Sikuwahi, naona aibu kusema. Kumbe anataka kuisindikiza kwaya ya watoto kanisani kwao! Basi skeli (zoezi la kupanda na kushuka nota kwa mpangilio) nikaziweka pembeni, tukachukua wimbo wao mmoja. Sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo, tayari anaiimba kwa do-re-mi, hivyo mkono wa kulia ulienda haraka; kushoto nikampa kodi (nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) 3 tu, C, F na G. Vidole vilipoanza kugongana, akaniuliza mwenyewe dole gumba lipite wapi. Hilo hufunzwa na skeli, basi skeli ya C ikarudi kwa mlango wa nyuma.

Mazoezi tumepunguza, kutoka nusu saa hadi dakika 10 kila jioni. Mama yake anasema siku nyingine humfukuza kwenye kinanda akalale. Kusoma nota bado hataki kabisa.