Tupeane uzoefu: logi nyingi, kanzidata inabanwa

Assalam aleikum jamani. Nipo Malindi ya Unguja, natunza programu inayoandika logi (kumbukumbu) ya kila tiketi inayosomwa getini. Boti ya Dar ikikaribia kuondoka mashine zote huandika kwa pamoja, kanzidata yetu ya PostgreSQL inaelemewa. Kilichonisaidia ni kuingiza mistari mingi ndani ya muamala mmoja (kundi la maandishi linalothibitishwa kwa pamoja), maana kila muamala ukifungwa kanzidata husubiri diski ithibitishe imeandika. Nyie wenzangu mmefanyaje?

Wa Chake: Karafuu ukizipeleka kituoni pishi pishi, siku itakwishia njiani. Sisi tuna logi za mita za maji. Zinaingia kwanza kwenye foleni, kisha kila sekunde tunazimwaga zote kwa COPY (amri ya kuingiza mistari mingi kwa mpigo) badala ya INSERT ya kawaida. Nafuu yake kubwa sana. Ila foleni iwekee kikomo, yakhe, kanzidata ikisita itajaza kumbukumbu ya seva mpaka programu ife.

Wa Mkoani: Tazama indeksi, zile orodha za kuharakisha utafutaji. Jedwali letu lilikuwa na indeksi ya jina, ya simu, ya chombo, na kila mstari mpya unazigusa zote. Tukabakisha ya wakati tu, tena aina ya BRIN (hutunza muhtasari wa kila fungu la mistari, si kila mstari), iliyopo tangu toleo la 9.5 la PostgreSQL. Ni ndogo mno na logi inaifaa kwa sababu mistari huingia kwa kufuatana saa. Kutafuta kwa jina sasa kunachukua muda, tumeridhia.

Wa Fuoni: Mimi nimezima synchronous_commit, yaani muamala ukifungwa kanzidata haisubiri diski. Umeme ukikatika ghafla unapoteza miamala ya mwisho, isiyozidi kama sekunde 0.6 kwa mipangilio ya kawaida, na kanzidata yenyewe inabaki salama. Tafadhalini msiichanganye na fsync, inayolazimisha data ifike diski kweli! Hiyo ukiizima, umeme ukikatika kanzidata nzima yaweza kuharibika.

Wa Malindi: Ahsante sheikh. Lakini malipo yetu yamo humo humo, hata moja halitakiwi kupotea.

Wa Fuoni: Basi usiizime kwa seva nzima. Ndani ya muamala wa logi andika SET LOCAL synchronous_commit TO OFF. Malipo yataendelea kusubiri diski kama kawaida.

Wa Wete: Na za zamani mnazifutaje? DELETE ya miezi mizima ilikuwa ikitukaba usiku kucha. Tumeligawa jedwali kwa mwezi, toleo la 10 kwenda juu linaruhusu, mwezi ukipitwa na wakati tunaangusha kipande chake chote kwa DROP TABLE. Haichukui hata dakika.