Naomba ushauri: maneno ya Omar Khayyam kwenye jiwe la kaburi la baba

Mtoto wa Mwalimu: Assalamu alaykum, wanajamvi. Marehemu baba yetu alisomesha hisabati mpaka akastaafu, na katika wataalamu wa kale hakuna aliyemtaja kwa mapenzi kama Omar Khayyam, mwanahisabati, mwanafalaki na mshairi wa Nishapur, Uajemi. Natafuta maneno yake machache kuhusu elimu, unyenyekevu na roho, yanayofaa kuandikwa kwenye jiwe la kaburi. Naombeni mnisaidie kuchagua, kwani jambo hili linaninyima usingizi.

Shangazi Mkubwa: Pole sana, mwanangu, Mungu amrehemu mzee. Mimi ningeuliza kwanza kama kaburi linahitaji maandishi. Alipofariki mume wangu tulibishania jiwe mpaka ndugu wawili wakaacha kusalimiana. Mwishowe tuliweka jina na tarehe tu, na fedha iliyobaki tukaitoa sadaka kwa kisima cha msikiti, ambacho watu wanakichota hadi leo.

Msomaji wa Pwani: Shaaban Robert alizileta tungo za Khayyam katika Kiswahili kwa kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1859. Zitafute, ni tamu mno, lakini ujue kwamba FitzGerald alizifinyanga tungo hizo kwa mkono wake.

Mwalimu wa Falaki: Ndugu yangu, una maneno gani mkononi tayari? Anayeomba kuchaguliwa mara nyingi ameshachagua.

Mtoto wa Mwalimu: Ninalo beti moja, nililoliona kwenye picha iliyosambazwa mtandaoni. Mtunzi anasema kwamba moyo wake haukunyimwa elimu, kwamba siri zilizomfichikia zilibaki chache, na kwamba baada ya kutafakari miaka 72 usiku na mchana alichokijua ni kuwa hakuna alichokijua. Niseme ukweli: fundi ameshalipwa nusu na jina la Khayyam limeshachongwa, bado beti lenyewe. Baba mdogo anakataa katakata kwamba mtu wa mashairi ya mvinyo akae juu ya kaburi la kaka yake. Sioni kosa langu, kwa sababu beti hili ni la unyenyekevu mtupu.

Abu Swaleh: Msikilize baba yako mdogo, kwani sasa ndiye mzazi wako. Wanazuoni nao walimlaumu Khayyam. Najm al-Din Razi, katika karne ya 13, alimhesabu miongoni mwa waliopotea. Jiwe lisilete fitina katika nyumba yenye msiba.

Kipanga: Mimi hadithi hii naitilia shaka. Fundi gani huchonga jina la mtunzi kabla ya beti? Huyu ni mwanafunzi anayetaka tumwandikie insha.

Mtoto wa Mwalimu: Wallahi sikutunga. Jiwe ni la matumbawe, na fundi alianzia pembe ya chini ili ajue patasi itazama kiasi gani kabla ya kugusa katikati. Hata hivyo herufi ya kwanza ya Khayyam imemeguka ukingoni, pale penye vitundu.

Fundi Msumeno: Hilo ni kweli, matumbawe hujaribiwa pembeni. Jina linaweza kusuguliwa likatoka, mradi halikuchongwa kwa kina.

Mwalimu wa Falaki: Basi turudi kwenye beti. Khayyam alizaliwa 1048 akafariki 1131, kwa hiyo miaka 72 ya kutafakari ingeanzia utotoni, alipokuwa na miaka 11. Wengine wamempa beti hilohilo mwanazuoni mwingine, Fakhr al-Din al-Razi, ambaye alifariki akiwa na umri wa miaka 60 hivi. Kulichonga kwa jina la Khayyam ni kumtolea ushahidi tusio nao, na mwalimu wa hisabati angetaka uthibitisho.

Ninalokupendekezea ni lile alilolipokea mwanahistoria al-Bayhaqi, aliyekutana na Khayyam akiwa bado mtoto, kutoka kwa mume wa binti yake Khayyam. Khayyam, aliyekuwa miongoni mwa waliotengeneza kalenda ya jua iitwayo Jalali ya 1079 huko Isfahan, alikuwa akisoma kitabu cha mwanafalsafa Ibn Sina kiitwacho Shifa. Alipofika mlango wa Mmoja na wengi, aliweka kati ya kurasa kijiti chake cha dhahabu cha kuchokolea meno, akasimama kuswali, akausia, wala hakula wala hakunywa tena. Baada ya isha alisujudu akasema kwamba amemjua Mungu kwa kadiri ya uwezo wake, basi amsamehe, kwa kuwa kule kumjua ndiyo njia yake ya kumfikia. Hapo elimu, unyenyekevu na roho vimekutana katika sijda moja, na hakuna mvinyo wa kubishania.

Shangazi Mkubwa: Maneno haya yamenitoa machozi.

Mtoto wa Mwalimu: Nimemsomea baba mdogo. Aliuliza nani kaipokea, nikamweleza, akanyamaza kitambo. Amekubali dua hii isomwe kwenye hitima, lakini jiwe analitaka liwe na jina la baba na tarehe peke yake. Mimi bado naona beti lile lingependeza, ila nimemwambia fundi asugue. Mwalimu wa Falaki, nakuomba uniandikie dua hiyo kwa Kiarabu, ili tuisome kama ilivyopokewa.